Umeitwa kurudi ofisini? Ile nauli uliyookoa ilishapata wenyewe

Kama umepata ule ujumbe wa "kuanzia Jumatatu tunatarajia kuwaona nyote ofisini", najua kitu cha kwanza ulichofanya. Ulitafuta viatu, ukajaribu suruali, suruali ikakataa kufunga. Mimi pia nilianzia hapo. Nilipaswa kuanzia kwenye simu. Kosa hilo lilinigharimu miezi mitatu ya deni dogo lililokataa kuisha, na pia jambo moja kuhusu mama yangu ambalo nitalifikia huko mbele.

Kabla sijajiunga na timu inayowaandikia makala haya, nilikuwa mhasibu katika kampuni moja kule Upper Hill. Ndiyo, mhasibu. Hesabu za kampuni nilizijua hadi senti ya mwisho. Zangu nilikuwa nazikadiria kwa macho.

Kila baada ya miezi michache bado nakutana na mtu ambaye bosi wake ameamua kwamba kazi ya nyumbani imetosha. Wengine wanaitwa siku tatu kwa wiki, wengine siku zote tano. Swali lao huwa lilelile: "Mbona mshahara ni ule ule na hautoshi tena?" Jibu la haraka ni nauli. Lakini nauli ni nusu tu ya hadithi, tena ile nusu rahisi.

Elfu moja ya kila Ijumaa

Turudi nyuma kidogo. Kisa cha kwanza cha Covid-19 hapa Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akawataka waajiri wawaruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale wa huduma muhimu. Kesho yake, tarehe 16, Benki Kuu ya Kenya ikatangaza hatua za dharura ili watu wapunguze kushikana mikono na noti: kutuma pesa kwa simu hadi shilingi 1,000 kukawa bila ada, na kiwango cha juu cha muamala mmoja kikapanda kutoka 70,000 hadi 150,000. Msamaha huo wa ada ulidumu hadi mwisho wa Desemba 2020. Januari 2021 ada zikarudi, isipokuwa kwa zile pesa ndogo za hadi shilingi 100.

Hiyo elfu moja usiisahau, maana ndiyo iliyonifundisha tabia.

Mimi naishi Ongata Rongai, mahali ambapo watu wa mjini hupenda kusema tuko ughaibuni. Kabla ya Covid, kwenda na kurudi kulinila shilingi 200 kwa siku, na chakula cha mchana pamoja na chai 200 nyingine. Siku 21 za kazi, hiyo ni 8,400 kwa mwezi. Nilipoanza kufanyia kazi kwenye meza ya chakula nyumbani, nikatoa wifi, nikatoa stima iliyopanda, nikaona nimebaki na kama 6,500 ambazo hazikuwa na kazi.

Pesa isiyo na kazi haikai hivyo kwa muda mrefu, na sidhani mimi ni tofauti na wewe. Mama yangu yuko Kakamega, anatumia dawa za presha. Nilianza kumtumia elfu moja kila Ijumaa. Kwa nini elfu moja, na kwa nini kila Ijumaa? Kwa sababu elfu moja ilikuwa inapita bure. Hata ada ziliporudi sikubadilisha, mkono ulishazoea. Ndugu yangu mdogo alikuwa chuo cha ufundi, chumba chake cha kupanga kikahitaji kuongezewa 2,500 kwa mwezi. Nikasema haina shida. Piga hesabu: elfu nne za mama na mbili na nusu za huyu kijana. Zile 6,500 zilikuwa zimeisha zote, na sikuwa nimekaa chini hata siku moja kuamua hivyo.

Kwa hivyo nilipokuwa nikijisifu kwamba kufanyia kazi nyumbani kunaniokolea pesa, sikuwa nimeokoa chochote. Nilikuwa nimezigawa. Na wale niliowagawia nao walikuwa na mipango yao.

Njaanuari

Kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021 tulijua siku zetu zinahesabika. Matatu zilikuwa zimesharuhusiwa kubeba abiria wote tangu Agosti mwaka huo, baada ya zaidi ya mwaka mzima wa zile za watu 14 kubeba wanane. Wengi tulidhani nauli ingerudi ilipokuwa. Kwenye njia yangu haikurudi. Imeili ya idara ya wafanyakazi ikaja Novemba: wote ofisini, siku tano, kuanzia Jumatatu tarehe 3 Januari 2022.

Yaani waliuchagua ule mwezi ambao Wakenya tumeubatiza Njaanuari. Mshahara wa Desemba ulikuwa umeingia mapema kwa ajili ya Krismasi, na kufikia siku ya kuripoti ulikuwa umebaki jina.

Kichwani nilikuwa na ile hesabu ya zamani: 8,400, nitajibana. Sikujua mambo matatu. La kwanza, asubuhi nililipa 100, jioni 150, na mvua ikitishia tu makanga wa Railways walikuwa wanapandisha kabla hata tone halijaanguka. La pili, chai ya saa nne na mandazi mawili ilikuwa imefika 60, na ile sahani ya chapo dondo 200. La tatu ndilo sikulitarajia kabisa: michango.

Ukiwa nyumbani, mchango wa ofisi ni ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp. Unausoma, unaweka ile alama ya mikono ya sala, unaendelea na maisha. Ukiwa ofisini, mweka hazina anakuja kusimama kando ya meza yako na karatasi. Jina lako liko pale, mbele yake pana nafasi tupu, na walio juu yako wote wameandika kiasi. Mwezi ule mmoja nilitoa 500 za kumuaga mzee aliyestaafu, 500 za mwenzetu aliyejifungua, 1,000 za mazishi ya baba wa dereva wetu, 300 za keki, na 400 za chakula cha kukaribishana ofisini, chakula ambacho tulijikaribisha wenyewe kwa pesa zetu.

Kufikia tarehe 17 nilikuwa kwenye ovadrafti ya simu. Wengi wenu mnaijua: salio halitoshi, mfumo unakujazia malipo yapite, kisha unatozwa ada kila siku hadi ulipe. Ni huduma nzuri kwa mtu aliyekwama usiku mmoja. Shida ni kuitumia kulipia kitu kinachojirudia kila asubuhi. Nauli ya leo unaikopa, kesho pesa ikiingia inakatwa kwanza, inabaki kidogo, kesho kutwa unakopa nauli tena. Nilikaa humo hadi Machi.

Ijumaa mbili za kwanza za Januari nilimtumia mama. Ya tatu nikasema nitamtumia Jumatatu. Jumatatu sikuweza. Februari nilituma mara moja tu. Mama hakuuliza kitu, nami nikajiambia kwamba kama kungekuwa na shida angesema.

"Chama ni macho ya watu"

Mapema Machi nikampigia Jumapili jioni. Katikati ya habari za mvua na jirani, akasema kichwa kinamsumbua kidogo. Nikamuuliza kama anakunywa dawa.

"Nakunywa," akasema.

"Kila siku?"

Kukawa kimya, halafu akasema: "Siku moja nakunywa, siku moja naruka. Ili zifike mwisho wa mwezi."

Nilikasirika. Si kwake, lakini ilitoka kana kwamba ni kwake. Nikamuuliza zile za Februari alizifanyia nini, kwa maana dawa zake kwa mwezi hazizidi 1,200. Hapo ndipo nikajua safari nzima ya elfu yangu ya Ijumaa. Mia tano zilikuwa zinaenda kwenye chama chake cha akina mama, kila wiki. Mia tatu anaweka kando za dawa. Mia mbili sukari, sabuni na mafuta ya taa. Novemba ilikuwa zamu yake kupewa, akanunua tangi la maji. Sasa hakuna kuondoka. Ukishakula zamu yako, lazima ulipe hadi wa mwisho apate, na wa mwisho alikuwa wa Julai.

"Sasa ukalipa chama ukaacha dawa?"

"Mwanangu, dawa ni yangu mwenyewe, naweza kujivumilia. Chama ni macho ya watu."

Sikuwa na la kumjibu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoa shilingi 300 za keki kwa sababu mweka hazina alikuwa amesimama kando ya meza yangu.

Usiku huo nilimtumia 1,200 za dawa kutoka kwenye pesa ya kodi, nikamwambia kesho aende kliniki kwanza apimwe kabla ya kurudia dawa kama kawaida. Alienda. Presha ilikuwa juu, wakamwonya kwamba hizo si dawa za kuruka hata siku moja, akarudi nyumbani kunilaumu kwamba nimemfanya apoteze siku nzima kwenye foleni.

Nilichokiona kwenye taarifa ya miamala

Kesho yake nikaomba taarifa ya miamala yangu, ya miezi sita. Hii unaweza kuifanya sasa hivi kupitia programu au menyu ya simu yako. Huja kwa imeili kama faili lililofungwa, na namba ya kulifungulia huja kwa ujumbe mfupi. Usimtumie mtu mwingine yeyote faili hilo, hata akisema anakusaidia kupata mkopo. Ndani mna jina lako, namba yako, na kila mtu unayemtumia pesa.

Nilichapisha kurasa zile ofisini (samahani, mwajiri wangu wa zamani) nikakaa nazo na kalamu tatu za rangi. Bluu kwa kilichonipeleka kazini na kunirudisha. Nyekundu kwa watu. Kijani kwa ada.

Januari peke yake: usafiri siku 21 kwa 250, jumla 5,250. Chakula 4,200. Chai 1,260. Michango 2,700. Ada za kutuma na kutoa, bila kuhesabu za ovadrafti, 438. Yote pamoja 13,848. Mimi kichwani nilikuwa nimebeba 8,400, na hata hizo zilikuwa zimeshachukuliwa na mama na kijana.

Rangi ya kijani ndiyo iliyoniudhi zaidi, ingawa ndiyo ndogo. Nilikuwa nimetoa pesa kwa wakala mara tisa mwezi ule, mara nyingi 300 au 400 za nauli, kwa sababu makanga mmoja hataki simu na mwingine hana mtandao. Sasa hapa kuna jambo ambalo wateja wengi hatulielewi vizuri. Ada haziendi kwa shilingi, zinaenda kwa ngazi. Kutoa 300 na kutoa 1,000 kunaweza kukatwa ada ileile, kwa sababu ziko kwenye ngazi moja au ngazi zinazotozwa sawa. Mara tisa za kutoa kidogo kidogo zingekuwa mara mbili za kutoa za wiki mbili mbili.

Kutuma nako ni tofauti, na ndiyo maana ushauri wa "tuma zote mara moja uokoe" si kweli siku zote. Chukua jedwali la ada uangalie mwenyewe. Mara nyingi utakuta kutuma elfu moja mara nne hakuzidi sana kutuma elfu nne mara moja, na wakati mwingine ni nafuu zaidi. Anayeumia ni anayepokea, kwa sababu yeye atatembea kwa wakala mara nne, na kila mara atakatwa. Mimi niliona ada yangu tu. Ya mama sikuwahi kuifikiria, na ilikuwa inakatwa kwenye zile mia mbili zake za sukari.

Kuongea na wenye pesa

Bajeti ningeweza kuiandika usiku uleule, mimi ni mhasibu. Lakini bajeti ile ilikuwa na watu ndani yake, na hao watu hawakuwa wameambiwa chochote tangu imeili ya Novemba. Kwa hiyo kazi ya kweli ilikuwa simu nne na mazungumzo mawili ya ana kwa ana.

Bosi nilimwomba siku mbili za nyumbani. Akanipa moja, Jumatano, tena kwa sharti kwamba wenzangu wasijue. Walijua kufikia Alhamisi. Siku moja si haba: ni karibu shilingi 500 kila wiki, ukijumlisha nauli, chakula na chai.

Mweka hazina wa michango nilimwambia ukweli, kwamba kuanzia mwezi huo nitatoa 300 kila tarehe moja, kuwe na msiba au keki, na nisidaiwe zaidi isipokuwa kifo cha mtu wa karibu. Hakufurahi. Alisema nikianza hivyo kila mtu atataka. Baada ya miezi miwili akanijia mwenyewe kuniuliza nilivyolipanga, kwa kuwa watu sita walikuwa wamemwambia jambo hilohilo. Alikuwa anapokea kwenye namba yake ya kibinafsi, akichanganya michango na pesa zake za nyumbani. Hilo nalo ni la kuepuka: kama wewe ndiye mweka hazina, weka pesa za watu mahali pake, hata kama ni laini ya pili. Siku salio lisipolingana, hakuna atakayekuamini kwamba ni hesabu tu.

Ndugu yangu nilimpunguzia kutoka 2,500 hadi 1,500, akatafuta kazi ya jioni kwenye saiba ya karibu na chuo. Mpaka leo hunikumbusha. Tukikutana kwenye sherehe husema mbele ya watu kwamba yeye alisomeshwa na mashine ya kuchapisha.

Mama mboga wa mtaani kwetu ndiye niliyemsahau, na yeye pia alikuwa amepoteza. Kwa karibu miaka miwili nilikuwa kastoma wa kila siku: sukuma, nyanya, parachichi. Januari nikapotea, nikawa namlipa mwenye kibanda wa Upper Hill. Nilipopita kwake Jumamosi moja akaniuliza, "Kastoma, nilikukosea wapi?" Tukapatana: Jumapili jioni ananifungia mboga za wiki, zilizokatwa, nami namlipa mara moja kwa till yake. Kwa kawaida ukilipa bidhaa kwa till wewe mteja hukatwi ada, muuzaji ndiye anayekatwa kidogo, kwa hiyo mpe mwenye biashara nafasi achague anavyotaka kulipwa. Nikaanza kubeba chakula siku tatu kwa wiki. Chapo dondo nilizibakizia Ijumaa, maana kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyaacha kabisa.

Wale wa kukuvizia wiki ya kwanza

Nitalipitia hili haraka, lakini usiliruke. Mtu anayerudi ofisini ana haraka, ana usingizi, na analipa mara nyingi kwa siku kuliko alivyozoea. Walaghai wanalijua hilo.

Asubuhi moja Railways, foleni imesukumana, makanga akanitajia namba yake mara moja nami nikaiandika nikikimbia. Tarakimu moja ikapotoka. Jina lilitokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha, sikulisoma. Shilingi 100 zikaenda kwa mtu nisiyemjua, na makanga akaniambia hiyo ni shida yangu na mtandao, yeye anataka nauli. Alikuwa sahihi. Jina linatokea ili ulisome. Ikikupata, omba kurudishiwa papo hapo kupitia menyu au huduma kwa wateja, na usifute ujumbe wa muamala. Dakika zinahesabika, kwa sababu aliyepokea akishazitoa, kuzirudisha ni kazi kubwa.

Kinyume chake ni ule ujumbe wa "umepokea 2,450", halafu anapiga mtu akilia kwamba amekosea namba, umrudishie tafadhali. Usimrudishie mwenyewe. Angalia salio lako kwanza, na uangalie ujumbe umetoka wapi: ujumbe halali huja kwa jina la huduma, si kwa namba ya mtu. Kama kweli pesa imeingia, mwambie afuate njia rasmi ya kurudisha muamala.

Na PIN. Najua katika ofisi nyingi kuna yule kijana mwema anayekusanya oda za mchana, nawe uko kwenye mkutano unampa simu, "nitolee tu, PIN ni hii." Usifanye hivyo, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Kwenye matatu nako funika mkono unapoandika. Sisi hatutakupigia kamwe kukuuliza PIN.

Kuhusu mikopo ya programu za simu, neno moja. Kama umebanwa mwezi wa kwanza na lazima ukope, angalia kwanza kama mkopeshaji amepewa leseni. Tangu 2022 Benki Kuu ya Kenya inawapa leseni wakopeshaji wa kidijitali, na orodha iko kwenye tovuti yake. Kanuni za mwaka huo zinawakataza kukudhalilisha au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili wakuaibishe. Asiye kwenye orodha hana cha kuogopa kupoteza.

Tarehe 29

Mama ndiye aliyekuwa mgumu kupanga naye. Mimi nilikuja na wazo safi: nimlipie dawa moja kwa moja kwa till ya duka la dawa, kila mwezi, kisha nimtumie zinazobaki. Alikataa kabla sijamaliza sentensi.

"Usinilipie kama mtoto wa shule. Tuma kwangu. Nitalipa mimi."

Basi tukapatana hivi. Hadi Julai, chama kikiisha, ningemtumia 3,400 mara moja, kila tarehe 29, siku moja baada ya mshahara kuingia. Elfu mbili za chama, 1,200 za dawa, zinazobaki ni za sukari na kutolea. Naye akaahidi kwamba dawa zitanunuliwa siku ileile anapotoa pesa, kabla hajafika kwa wale akina mama. Niliweka malipo ya kujirudia ili yaende hata nikisahau. Ovadrafti niliimaliza mwisho wa Machi na nikaomba kiwango changu kishushwe, ili isinivutie tena.

Kuanzia Agosti tukasema 2,500. Nilikuwa nimeshasoma jedwali, na najua pale ngazi inapoishia 2,500, shilingi moja juu yake inakupandisha ada ya ngazi ya pili. Tarehe 29 Agosti pesa ikaenda, na baada ya dakika kumi simu ikalia.

"Imeingia," mama akasema. "Lakini ya kutoa hukuweka."

"Mama, nikiongeza ya kutoa inaruka ngazi, nakatwa zaidi."

"Inaruka nini?"

Nikamweleza ngazi kwa dakika tano, kwa upole wote wa kazi yangu. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema dawa ameshazinunua, zile za mwezi mzima, na kwamba kuna jambo lingine dogo: wale akina mama wameanza raundi mpya, safari hii ni 300 kwa wiki, na yeye amechaguliwa kuwa mweka hazina.